Mwaka wa Kupita Watu Bila Salamu

Leo nimefungua duka kwa mara ya kwanza tangu sikukuu ziishe, na badala ya kufanya kazi nimekaa juu ya robota la vitenge, nikiufikiria mwaka uliopita. Wenzangu wa mtaa huu wa Kariakoo ukiwauliza mwaka ulikuwaje, watakujibu kwa kufuata biashara ilivyokwenda. Mimi biashara siikumbuki vizuri. Nakumbuka kuogopa.

Niseme mapema ninachokiogopa, nisimzungushe mtu. Naogopa kupofuka. Na zaidi ya hapo naogopa kwamba mdogo wangu wa kiume, ambaye tumebaki wawili tu kwa mama yetu, anapofuka pamoja nami. Yeye ni dereva wa malori makubwa, yale yanayochukua mizigo bandarini na kuipeleka mpakani Tunduma.

Kwangu mimi mambo yalianza kama ugomvi na watu. Kuanzia mwezi wa tano hivi nikawa nagongwa. Kariakoo kugongwa si habari, mtu anayetaka kutembea bila kuguswa akatembee kwingine, lakini hii ilizidi. Mikokoteni ilikuwa inaniibukia ubavuni, bodaboda zinanipitia mguuni, nakanyaga viatu vya wamachinga vilivyopangwa chini halafu nawafokea wenyewe. "Siku hizi mnapanga hovyo," nilikuwa nawaambia. Pale Gerezani, kwenye kivuko cha njia ya mabasi ya mwendokasi, kijana mmoja alinivuta gauni kwa nguvu hadi mshono ukaachia, na basi likapita mbele yangu na upepo wake. Badala ya kumshukuru nilimuuliza nani amemtuma kunishika. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu unatangulia. Nilifika dukani, nikajiambia madereva wa siku hizi hawapigi honi.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa duka la udi na manukato. Ni mzee wa Kiarabu, ukoo wao umekuwa mtaa huu tangu kabla sijazaliwa, na kiti chake huwa nje, kushoto kwa mlango wangu. Asubuhi moja nikiwa nimeshaingia dukani alinifuata hadi ndani, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama mbele ya meza.

"Mama, naomba nikuulize. Nimekukosea nini?"

"Shikamoo mzee. Unikosee nini wewe?"

"Marahaba. Hiyo shikamoo ndiyo ninayoiulizia. Miezi mitatu sasa unanipita pale nje kama unapita nguzo ya umeme. Nakusalimia mimi mkubwa, hujibu. Kama kuna maneno umeletewa, niambie, nijue moja."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana sisi wawili utani ni wa kila siku. Nikamwambia, "Mzee, wewe siku hizi unachelewa kufungua. Mimi nakuonaga saa nne ukija kuchukua chai."

Hakucheka. Aliniambia anafungua saa moja na nusu, na kwamba kiti chake hakijahama hata hatua moja tangu nilipopanga hapa. Kisha akaniomba nisimame mlangoni kwangu nitazame mbele, kwenye duka la ndoo ng'ambo ya barabara, nisigeuze shingo. Nikasimama. Niliziona ndoo, niliuona mkokoteni wa nazi, nilimwona mama mmoja akibishana na mtoto wake.

"Unaniona?" Sauti yake ilikuwa karibu sana.

Sikumwona. Sikuona giza wala ukungu. Niliona mtaa mzima, mzuri, umejaa watu, ila yeye hakuwamo. Nilipogeuza shingo nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, umbali wa kunyoosha mkono, amevaa kanzu nyeupe isiyoweza kumpotea mtu. Nilishika fremu ya mlango. Niliogopa vibaya sana, ile hofu inayomfanya mtu atake kukaa chini popote alipo.

"Namwomba Mungu anisamehe," alisema yule mzee. "Nimekuwekea kinyongo miezi mitatu, kumbe huoni."

Yeye ndiye aliyenisindikiza hospitali, maana niliogopa kuvuka barabara. Walinikalisha mbele ya mashine, kidevu nikakiweka kwenye kibao, jicho moja limezibwa, wakanipa kitufe mkononi. Kazi ni kutazama nukta ya katikati, na kila ukiona kimwanga kidogo pembeni unabonyeza. Nikabonyeza mara chache. Halafu nikasubiri. Nikasubiri sana, mpaka nikaona haya kumkalisha bure muuguzi aliyekuwa ananihudumia.

"Dada, mashine imezimika," nilimwambia.

"Haijazimika, mama," alisema kwa upole. "Endelea kutazama katikati."

Nadhani ule upole ndio ulionimaliza. Muuguzi angenifokea ningejua mambo si mabaya.

Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, huanza kula pembeni, na mtu hajui kwa sababu ubongo unamzibia mapengo. Ilichokwisha kula hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa matone, kila siku, maisha yote. Kisha akauliza kama kuna mtu kwetu aliyepofuka, nikasema baba. Akaweka kalamu chini.

Sasa hapa lazima nieleze habari za marehemu baba, kwa sababu kosa letu linaanzia kwake. Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Baba alipofuka nikiwa sekondari, na ukoo mzima ulijua sababu: aligombana na jirani kuhusu mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, yakang'olewa masale, yale majani tunayopanda kuonyesha mwisho wa shamba la mtu, na jirani akaenda kwa mganga, naye akamfunga macho baba. Hivyo ndivyo tulivyokua tukijua. Nyumba ile hatukusalimiana nayo tena, hata kanisani tulikaa upande mwingine. Baba alifanyiwa maombi, alinyweshwa dawa za majani, hakuna aliyempeleka kwa daktari wa macho, na mimi na mdogo wangu hatukuwahi kufikiria kupimwa. Tupimwe nini? Sisi hatukugombana na mtu.

Nikiwa pale mbele ya daktari nilikumbuka ugomvi ule ulivyoanza, kabla ya masale, kabla ya chochote. Jirani alikuja nyumbani kulalamika kwa mama kwamba baba ana dharau. Alisema wakikutana kwenye njia ya migombani, baba anampita bila salamu. Baba akasema huyo mtu ni mwongo, hajakutana naye popote. Wakatukanana, na yaliyobaki yakafuata. Ina maana ugomvi haukuleta upofu. Baba aligombana kwa sababu alikuwa ameshaanza kupofuka. Na sisi tulimchukia mtu asiye na kosa miaka thelathini.

Daktari alisema, "Mlete ndugu yako apimwe. Mapema." Nikasema sawa. Hiyo ilikuwa Oktoba.

Sikumwambia. Najua inavyosikika. Kwa siku za mwanzo nilijiambia nianze mimi kuzoea matone. Halafu nikajiambia nikimwambia akiwa barabarani atapata mawazo, na dereva mwenye mawazo ni hatari. Halafu nikapata kisingizio kizuri kuliko vyote: Krismasi. Watu wa Dar wanatutania kwamba Wachaga Desemba tunakwenda kwetu kuhesabiwa. Watanie tu, ni kweli, tunakwenda, na asiyefika anaulizwa. Nikaamua nitalisema huko, mbele ya mama, tukiwa tumeshiba na tumetulia. Nililipamba wazo hilo mpaka likawa kama heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa kuona uso wake. Lori ndilo maisha yake, ndilo linalosomesha watoto wake wanne, na daktari mmoja angeweza kulichukua kwa karatasi moja. Tena niliogopa kwamba nikishasema, itakuwa kweli hata kwangu.

Hivyo nikanyamaza, na kunyamaza kukanila. Kila simu yake ilipoingia nilimuuliza kwanza yuko wapi. Akiniambia yuko Mikumi, nawaza wale wanaotembea pembeni mwa lami. Akiniambia amefika Mbeya, nashukuru, kisha nakumbuka atarudi. Jirani yangu wa manukato, niliyemweleza yote, aliniuliza kila Ijumaa akitoka msikitini kama nimeshasema. Nikamwambia bado. Mara ya mwisho aliitikia kwa kichwa tu.

Siku tatu kabla ya Krismasi mdogo wangu alikuja dukani mchana kupakia mizigo. Ndiyo desturi yetu: yeye ana gari dogo, anatubeba sote, mkewe, watoto, mimi, sukari, mchele na vitenge vya shangazi, na tunaondoka alfajiri. Nilimtazama akirudisha gari nyuma kuingia mtaani. Watu walipiga kelele. Alikuwa amepanda juu ya turubai la mmachinga na kusaga sahani za watu upande wa kushoto. Aliposhuka alikuwa amekasirika.

"Hawa nao siku hizi wanapanga hovyo," alisema.

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Nilimlipa yule mmachinga, nikamwingiza mdogo wangu dukani, nikamkalisha kwenye robota hili hili. Nikamwambia anitazame puani asihamishe macho. Alidhani nina mzaha, akanitazama. Nikachukua kitenge chekundu, nikakinyanyua mbali upande wake wa kushoto, nikakitikisa. Hakusema kitu. Nikakisogeza. Hakusema. Nikakisogeza tena mpaka mkono wangu ukawa karibu uguse sikio langu mwenyewe, ndipo macho yake yakashtuka.

Nikaanza kumweleza, nikianzia kwa baba. Alinyanyua mkono kunizuia.

"Dada, najua."

"Unajua nini?"

"Si kwamba najua ugonjwa. Jina lake sikulijua. Najua kwamba sioni. Nimevunja vioo viwili vya pembeni pale bandarini, nikasema geti ni jembamba. Nikiwa barabarani nageuza kichwa chote kama bundi." Alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka juu ya kitenge. "Nilikuwa nasubiri mtu aniambie nisiendeshe."

Alikuwa analia. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, analia katikati ya vitenge, na wateja mlangoni wanauliza kama kuna vipya. Nilifunga mlango. Nilimshika kichwa kama tulipokuwa wadogo, na kwa muda mfupi nilifarijika, Mungu anisamehe, kwa sababu sikuwa peke yangu tena.

Tulipanda basi. Mizigo mingine tuliiacha. Watoto waliuliza gari lina nini, tukawaambia bovu. Tulikaa siti moja, yeye dirishani, na tulikuwa tumeshaipita Chalinze aliponiuliza, bila kunigeukia, "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumdanganya.

"Oktoba," nikasema.

Niliona midomo yake inacheza, nikadhani anasali.

"Tangu Oktoba nimekwenda Tunduma mara sita, dada."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira, ningejua cha kujibu. Aligeuza shingo yote akatazama nje mpaka tunafika nyumbani. Kwa mama alieleza yeye. Mimi nilikaa pembeni nikimenya ndizi.

Lori amelikabidhi. Tajiri wake, mwenye lori, amesema atamtafutia kazi ya yadi, tutaona. Alhamisi ijayo nampeleka kupimwa, na baada yake watoto wangu wawili na wake wanne, mmoja mmoja, hata wakinuna. Hayo ndiyo matarajio yangu ya mwaka huu. Naomba akute macho yake hayajapoteza mengi. Naomba na mimi kilichobaki kibaki. Lakini nikiwa peke yangu hapa dukani ombi linalonijia kwanza ni jingine, na naliomba kwa kuogopa jibu lake: kwamba katika zile safari sita, huko pembeni mwa barabara, upande wake wa kushoto, hakuna mtu aliyeguswa na lori lake bila yeye kujua.