Vitambaa vya Sukari

Maji ya sukari yakichemka bila majani hayanuki kama chai. Yana harufu nzito, karibu na ya muwa uliochomwa, na harufu hiyo hushika nywele na blanketi hata baada ya moto kuzimwa. Likizo moja ya Agosti, nikiwa darasa la nne, jikoni kwetu kulinuka hivyo kutwa nzima. Mama alikuwa amesimama juu ya sufuria akikoroga kwa mwiko, na mimi nilikuwa mlangoni nimekumbatia karai lililojaa vitambaa vyeupe, nikingoja aniambie nivitumbukize. Kwetu ni juu ya mji wa Meru, pale mashamba ya chai yanapokaribia msitu, na huko Agosti si mwezi wa jua. Ukungu huteremka asubuhi, hupungua kidogo mchana, kisha hurudi kabla kuku hawajaingia bandani. Nguo huanikwa leo na kesho, na bado huvaliwa zikiwa na ubaridi mgongoni.

Vitambaa vile vilikuwa vya dada yangu Kawira, ingawa hakufuma hata kimoja. Kawira alikuwa amepata mchumba anayeitwa Nyaga, mtu wa Embu. Mama yake Nyaga alikuwa mwalimu aliyestaafu, mkazi wa mtaa wa Majimbo, na alikuwa ametuma neno kwamba kabla ya wazee kuketi kuzungumzia mahari, angependa aje aione nyumba ambamo msichana alilelewa. Hakulisema kwa ubaya. Lakini Mama alipolisikia aliingia sebuleni akasimama, akavitazama viti vyetu kimoja kimoja kana kwamba ndivyo vilivyokuwa vikiposwa. Mbao zake zilikuwa nzima, ila sponji ya mito ilikuwa imeliwa na panya, na Baba alikuwa ameijazia kwa matambara na kuishonea magunia ya mahindi. Sisi tulivikalia bila kufikiri. Tangu siku hiyo, nilipovikalia nilifikiri.

Mama alifuma kwa sindano ya kroshia ambayo Baba alimtengenezea kutokana na spoki ya baiskeli, akaisugua juu ya jiwe mpaka ncha ikapinda vizuri. Nyuzi alizinunua mjini, mtaa wa Majengo, kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka dogo karibu na msikiti. Kila kipande kilikuwa cha mraba, upana wa kiganja chake, kikiwa na ua katikati na matundu madogo pembezoni. Alianza na duara la minyororo, akalizungusha, akalizungusha tena, na kwa namna ambayo sikuielewa, duara likapata pembe. Alifuma akipalilia mahindi, yaani aliposimama kunyoosha mgongo. Alifuma njiani kwenda kanisani. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha. Nilivilaza vipande viwili vikitazamana, nikapitisha sindano kwenye kingo zote mbili, nikavuta uzi. Ukivuta sana, mshono hujikunja kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Ukilegeza, unaacha mwanya wa kupitisha kidole. Mama alikuwa akiukagua mshono kwa kuupitisha shavuni mwake huku amefumba macho. Akisikia kinundu, aliniambia, "Fumua." Nilifumua. Vikiwa vimeungana, vipande vile vilikuwa shuka moja la kufunika kiti kizima, kuanzia mgongoni hadi karibu na sakafu, na chini yake gunia halikuonekana kabisa. Sikuwahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mishono ile.

Siku chache kabla ya wageni alikuja Shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa Mbeere, kule chini kwenye joto. Alikuta Mama amesaga mihogo ili atengeneze wanga wa kukausha vitambaa visimame, kama walivyofanya wanawake wote wa kwetu.

"Mama Kawira, achana na hiyo mihogo," alisema. "Inaacha unga unga, kitambaa kinakaa kama mtoto hajapakwa mafuta. Sisi kule tunatumia sukari. Kinasimama wima kama askari."

"Na sisimizi?" Mama aliuliza.

"Sisimizi wakuje kufanya nini? Umewaalika kwa posa?"

Walicheka wote wawili. Kisha Shangazi akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata wanawake wa Majimbo wanatumia sukari, na Mama Nyaga akiona wanga wa mihogo atajua mara moja. Nadhani neno hilo ndilo lililomaliza shauri. Sukari yote ya nyumbani ikaingia sufuriani, na sisi tukanywa chai chungu mpaka siku ya wageni. Vitambaa vilikauka juu ya moto wa jikoni, si juani, kwa kuwa jua halikuwepo. Vilikuwa vigumu na vinang'aa. Ukivigonga kwa ukucha vilitoa sauti.

Wageni walifika mchana wakiwa wamejikunyata. Embu si nchi ya joto, lakini baridi yetu iliwashangaza. Mama Nyaga alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyevaa sketi ya sufu ya rangi ya kahawia. Mumewe alikuwa mfupi na mcheshi. Alimwita Baba "mzee wangu" tangu mlangoni, akauliza kama huku kwetu watu huoga kila mwaka au huruka mwaka. Mama Nyaga alipewa kiti kikubwa, na kwa heshima Mama akaagiza jiko la makaa liwekwe karibu na miguu yake. Akaketi, akapitisha kiganja juu ya kitambaa kwenye mkono wa kiti, akasema, "Kazi nzuri. Nani amefuma?" Mama akasema ni yeye, na mtoto ameunganisha. Mama Nyaga akanitazama, akaitikia kwa kichwa polepole kama mwalimu anayetia alama ya vema. Kawira alileta chai. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kuzitazama nyuso badala ya viti.

Ndipo Baba akasema tusimame tuombe kabla ya chakula. Tulisimama, tukafumba macho. Baba alikuwa mzee wa kanisa na maombi yake hayakuwa mafupi. Alianza na mvua. Nilisikia sauti kama ya karatasi inayobanduliwa ukutani, nikafumbua jicho. Mama Nyaga alikuwa amesimama, kichwa kimeinama, na shuka zima la kiti lilikuwa limesimama naye. Ukungu ulikuwa umeirudisha sukari kuwa maji, joto la jiko likaigeuza gundi, na sketi ya sufu ikaishika. Mgongo wa shuka ulining'inia nyuma yake kama veli ya bibi harusi. Kiti kilikuwa wazi: gunia lenye maandishi ya kijani yaliyofifia, tambara la suruali ya zamani ya Baba likichungulia, na sisimizi wakipita juu ya maandishi kwa mstari wao. Niliinua macho nikakutana na ya Mama. Naye alikuwa ameyafumbua. Baba alikuwa amefika kwa wagonjwa, na bado walibaki wasafiri na viongozi wa nchi. Hatukuweza kusogea. Sijawahi kutazamana na mtu kwa muda mrefu vile.

Baada ya "Amina" Mama aliruka nyuma ya mgeni akaanza kubandua kwa kucha. Mshono mmoja ukaachia. Mume wa Mama Nyaga akageuka, akaona, akapiga makofi.

"Mama Nyaga, umeshikwa! Hawa watu wa Meru wamekataa urudi Embu. Sasa mahari ni juu yao!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kicheko chembamba ambacho hakikuwa chake. Mama Nyaga hakucheka. Alikuwa amegeuka, anakitazama kiti. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Hii ni nini iliyonata?"

Mama akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Utusamehe, mama. Ni huyu mtoto. Asubuhi alimwaga chai hapo kwa kiti na hakusema. Huyu mtoto ni mchafu, nimechoka naye."

Shangazi akatazama sakafu. Kawira akatazama sakafu. Chai yetu ya asubuhi ile haikuwa na sukari hata punje.

"Ni wewe ulimwaga?" Mama Nyaga aliniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akaomba karai la maji ya vuguvugu, akasema nimpeleke nje nimsaidie. Huko nyuma ya jikoni nilishika ncha ya sketi huku yeye akiisugua kwa kitambaa kilicholowa. Kisha akasema, akiwa bado anatazama sufu yake, "Chai hainati hivi." Aliminya kitambaa, akanirudishia karai, akaingia ndani kula.

Juma lililofuata Nyaga alileta habari kwamba wazazi wake wameridhika na wazee waje. Kawira alilia kwa furaha. Mama alikaa kwenye gunia la kiti kile, akashukuru Mungu kwa sauti. Hakunitazama. Siku ya wazee vitambaa vilikuwa vimefuliwa na kukaushwa kwa wanga wa mihogo, na hakuna aliyenata. Lakini tangu hapo, kila mgeni alipokuja, Mama alinituma mbali: kuni, maji, ndizi za soko la Gakoromone ambazo hatukuzihitaji. Nilifikiri anaogopa nitasema. Sasa nafikiri ni uso wangu tu ambao hakutaka kuuona wageni wakiwapo. Na mimi kwa muda mrefu niliamini kidogo kwamba ni mchafu kweli. Shuleni nilikuwa nikinusa mikono yangu.

Mama amefariki mwaka huu. Waliozungumza matangani walimsifu kwa ukweli wake, na ilikuwa haki yake. Katika maisha yangu yote sikumsikia akisema uongo mwingine. Mama Nyaga, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alinishika mkono kaburini akanipa pole, na kwa dakika ile nilipata joto la aibu usoni kana kwamba nina miaka kumi. Naona haya hata kuandika haya, mtu akiwa bado mbichi udongoni na hawezi kujibu. Nyumba yangu ya Meru mjini ina viti vizima, vya kununua, ambavyo mgeni yeyote anaweza kuvifunua apendavyo. Sikupata masomo mengi, lakini kuficha kiti si shida yangu tena.

Mwezi uliopita jirani aliingia kwangu akakuta maziwa yamemwagika na kunuka karibu na jiko la gesi. Kabla sijafikiri nikasema, "Ni huyu msichana wangu, hajui kufuta." Binti yangu, aliye na umri kama niliokuwa nao Agosti ile, aliinua kichwa kutoka kwenye vitabu vyake.

"Mama, si mimi. Ni wewe ulimwaga jana."

Mimi nisingethubutu kusema hivyo, na Mama angenipiga. Nilihisi mdomo wangu ukitafuta pa kukimbilia. Kisha nikasema, "Ni kweli. Ni mimi." Jirani akasema, "Eh, si ni maziwa tu," akaomba kiberiti, akaondoka. Binti akarudi kwenye hesabu zake. Nilibaki nimeshika kitambaa cha kufutia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalia, maana niliona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo, la kumalizika mtu akiwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa na miaka yote ile ya kuliombea radhi, na mimi nilikuwa na miaka yote ile ya kumuuliza. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, nilimwosha hadi mwisho, na hakuna aliyeanza. Nusu yake ya jambo hilo ameondoka nayo. Nusu yangu ninayo bado, na sasa hakuna mtu wa kuniambia niiweke wapi.