Nilivyokataa kuonja kokteli yangu ya whisky mbele ya wageni wa posa

"Nani ameonja hii?"

Wakuu, hilo swali niliulizwa sebuleni kwetu Mbeya nikiwa nimeshika trei, mimi na degree yangu. Nawapa mkasa kama ulivyokuwa, sijaongeza chumvi wala sukari.

Wageni walitoka Iringa kuja kumposa dada yangu Neema, wiki moja kabla ya Krismasi. Mama alipanga chai na soda. Mimi nikasema siku kubwa inataka kinywaji kikubwa.

Mama ni Mlutheri aliyeokoka, kiongozi wa kikundi cha maombi. Akasema whisky haijawahi kuingia jikoni kwake. Nikamuuliza ni mstari gani wa Biblia unaoitaja whisky. Akarudi kupanga vikombe vyake, nikahesabu nimeshinda.

Nikaenda sokoni Mwanjelwa, nikachukua plamu zilizoiva hadi kuwa nyeusi, pasheni na tangawizi. Plamu nilichemsha na sukari na tangawizi, nikachuja, nikaacha ipoe kabisa. Halafu pasheni, halafu whisky.

Soda water inaingia mwisho, ndani ya glasi, ikiwa baridi sana. Ukiwahi kuiweka, mapovu yanakufa kabla hayajafika mezani. (Dereva wao nilimtengea isiyo na whisky, msije mkanisema.)

Nikamimina zote jikoni, nikaingia na trei. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwa wazee wa huku, anayekukaribisha kinywaji anapiga funda la kwanza yeye, ukimwona, ndipo anakupa. Maana yake hakuna sumu wala uchawi. Desturi naijua tangu utotoni. Nilishaamua zamani kwamba ni upuuzi.

Msemaji wao alikuwa shangazi wa kijana anayeposa. Akapokea glasi, asinywe. Akauliza lile swali. Wenzake wakashusha glasi zao mezani, moja moja.

Baba mkubwa, aliyekaa kama mwenyeji kwa upande wetu, akajaribu utani. "Binti, onja basi, au umetuwekea dawa ya panya?"

Wakacheka. Hakuna aliyekunywa.

Neema alikuwa mlangoni, uso umemshuka. Wageni wakiondoka bila kunywa kwenu, posa imekufa, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Hata mimi.

Nikasema, "Shangazi, nakuheshimu, ila sionji. Nikionja kwa sababu mnaogopa, nitakuwa nimekubali kwamba nyumba hii ina kitu cha kuogopwa."

"Mwanangu, ni heshima ndogo tu."

Nikamjibu kwamba heshima ya namna hiyo ni mashtaka. Baba mkubwa akanituma barafu, kwa sauti ile ambayo hairudiwi.

Jikoni nilipambana na barafu iliyogoma kuachia kwenye trei yake. Niliporudi, wanakunywa. Shangazi yuko nusu ya glasi na anauliza plamu nzuri hivi nimezitoa wapi.

Wakuu, nilivimba kichwa. Miaka mitatu nimesimulia kila mahali kwamba nilivunja desturi kwa logic tupu. Neema akaolewa, na mama hakuwahi kunipinga hata siku moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Iringa kumwona mtoto wa Neema. Nikaanza stori yangu, akanikatisha.

"Mdogo wangu, hivi wewe unadhani walikunywa kwa maneno yako?"

Akanieleza. Nilipotoka tu, mama alisimama, akaichukua glasi mkononi mwa shangazi, akanywa mafunda mawili makubwa, akafuta ukingo kwa kitenge chake, akairudisha. Akasema "Karibuni," akakaa. Wageni wakanywa.

Sasa msinielewe vibaya. Bado siamini kuna uchawi ndani ya glasi, na nikiulizwa tena nitakataa tena. Nilichojifunza ni kwamba ukikataa jambo, baki sebuleni hadi mwisho, uone nani anaubeba huo ukataaji wako.

Ninyi mngeonja? Leteni hoja. Wenye matusi nao waje, nitawajibu mmoja mmoja.

Hili lingine Neema alinipa wakati ananisindikiza stendi. Jumapili iliyofuata mama alisimama mbele ya kikundi chake cha maombi, akatubu kwamba amekunywa pombe, akaachia uongozi. Walipomuuliza ni nani aliyempa, alisema alijimiminia mwenyewe.