Gari la Mkaa na Milango ya Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya malori pale Iringa, miaka ya hamsini, Fundi Mkuu hakunipa hata spana. Alinionyesha malori matatu uani, akaniuliza naliogopa lipi. Nikajibu kwa kiburi cha ujana kwamba siogopi hata moja.

"Basi bado hujaanza kazi," akasema. "Tazama tena."

La kwanza lilikuwa la petroli, jepesi kuwaka hata asubuhi ya baridi, ila mafuta yakivuja karibu na cheche, umekwisha. La pili, la dizeli, halikuwa na plagi za kutoa cheche. Mafuta yalijiwakia kwa hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Milima ililiheshimu, lakini baridi ililishinda, kwa hiyo madereva waliweka karai la makaa ya moto chini ya injini ili kupasha oili. Ole wake aliyezoea karai hilo kisha akapewa lori la petroli.

La tatu lilikuwa kuukuu, lililobaki tangu wakati wa vita petroli ilipoadimika. Nyuma ya kibanda cha dereva palikuwa na tangi refu la kuchomea mkaa kwa hewa kidogo. Gesi iliyotoka humo ilichujwa kwa katani, ikaingia kwenye injini badala ya petroli. Mkaa ulipatikana kila kijiji, lakini nguvu yake ilikuwa ya kubembeleza. Mlimani abiria walishuka wakasukuma. Mimi nililicheka.

"Hilo ndilo la kuogopa," Fundi Mkuu akasema. "Petroli utainusa. Gesi ya hili huinusi. Ukiliwasha, milango iwe wazi, hata mvua ikiingia."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mbeya pamoja na gari hilo. Dereva wake alikuwa Mzee Salehe, mtu wa asili ya pwani ambaye baridi ya Mbeya hakuizoea kamwe. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umetanda, nilikuwa nachochea tangi ndani ya karakana, naye amejikunyata kibandani na blanketi lake.

"Mwanangu, funga hiyo milango. Baridi itaniua."

"Mzee, Fundi Mkuu alikataza."

"Fundi Mkuu yuko Iringa. Mimi niko hapa natetemeka."

Mtu wa rika la baba yangu, ningemkatalia vipi? Nikaifunga.

Kichwa kilianza kuuma, kisha magoti yakalegea. Nikamwita Mzee Salehe, kimya. Nikatambaa hadi mlangoni, nikausukuma, nikaanguka nje kwenye matope. Nilijua yumo ndani, na sikurudi mara moja. Niliogopa kitu nisichokiona wala kukinusa, nikabaki pale nikihema kama mbuzi aliyeponyoka kisu. Hata leo naona aibu kuyaandika haya. Mwishowe nikabana pumzi, nikaingia, nikamburuta kwa blanketi lake.

Hakufa, lakini mikono yake haikuacha kutetemeka tena, na majina ya watoto wake yalikuwa yakimpotea. Meneja wa kituo akaja hospitali akiwa na daftari.

"Nani alifunga milango?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Niliiona kazi yangu ikiondoka.

"Mimi, bwana," akasema Mzee Salehe, bila kunitazama.

Wakamwachisha kazi kwa kuvunja amri. Nikanyamaza.

Siku hizi wajukuu hubishana kuhusu magari ya gesi na ya umeme, wakiniuliza lipi bora. Nawaambia waulize kwanza linaua vipi, nao hucheka kama nilivyocheka mimi. Nilipostaafu nilipewa cheti kinachosema sikuwahi kusababisha ajali. Mke wangu hukipangusa vumbi kila wiki, na kila Julai hunilalamikia kwamba sikubali mlango ufungwe jiko la mkaa likiwaka. Sikuwahi kumweleza sababu. Atasoma hapa: milango ya karakana niliifunga mimi.