Kazi Aliyoiacha Usi

Bi Salhiya wa Mkunazini alikuwa kwenye eda, na eda yake aliishika kwelikweli. Hakutoka hata barazani. Siku hizi wako wanaokaa eda huku wanakwenda sokoni, lakini yeye hakulelewa hivyo. Alipika peke yake na kula peke yake, tena kwa sufuria ileile ya watu wawili, kwa hiyo kila siku chakula kilibaki.

Marehemu mumewe, Usi, alikuwa mkalimani mstaafu na mpenzi wa kompyuta kupindukia. Watu wote wakitumia walichouziwa dukani, yeye alijiwekea mfumo wa Linux kwa ubishi wake, akawa anashinda nayo chumba cha nyuma. Ukimwita, alijibu "naam" bila kugeuka. Naam hiyo ilimtosha Bi Salhiya kujua kwamba nyumba ina mtu.

Sasa huko Maskati mjukuu wao wa kwanza alikuwa anatimiza siku saba, siku ya kunyolewa na kupewa jina. Tahiya, binti yao wa pekee, hakuweza kuja kumzika baba yake kwa sababu ya mimba kubwa, na alitaka angalau mama amwone mtoto siku ile. Simu ya Bi Salhiya ni ya vitufe, inatoa sauti na tochi, basi. Kompyuta nayo tangu matanga haikushika mtandao. Adapta ya waifai, kijiti kilichochomekwa nyuma ya mashine, haikuwaka taa.

Baada ya alasiri akaja fundi Nadir kutoka Bububu. Aliomba aingie mara moja tu, akakataliwa, maana si maharimu. Akasimama ngazini, mlango umerudishwa, akawa anatamka amri herufi kwa herufi. Bi Salhiya aliandika kwa vidole viwili, kisha akamsomea kwa sauti kilichotokea kwenye kioo. Sijui kama kuna fundi mwingine duniani aliyewahi kutengeneza kitu asichokiona, lakini Nadir hakulalamika.

Amri ya kwanza ilionyesha kwamba adapta ni nzima.

"Mashine inaiona, Bi Salhiya, ila haijui kuiendesha," alisema Nadir. "Kuna mtu aliizima ikiwa kazini?"

Hapo Bi Salhiya akakumbuka. Asubuhi ile Usi alianza kusasisha kompyuta yake, akaenda kujinyoosha kidogo wakati inafanya kazi, na hakuinuka tena. Nyumba ilipojaa watu, jirani mmoja alichomoa waya wa kompyuta ili achomeke birika la chai.

Nadir alimweleza kwamba mafaili yote yalikuwa yameshashuka, pamoja na programu ya kuiongoza adapta. Kilichokatika ni kuyapachika. Inatosha kuiamuru mashine iimalize kazi ile. Akaitamka amri, na Bi Salhiya akaiandika yote, lakini kitufe cha mwisho hakukibonyeza.

"Hii ndiyo kazi yake ya mwisho, Nadir. Ikisha, hana tena kitu alichokiacha katikati humu ndani."

Nadir akasema hana haraka. Bi Salhiya aliona uchungu hata akamchukia yule jirani na birika lake. Halafu akamfikiria mtoto, akabonyeza. Mashine ilidai neno la siri, na vidole vyake vikaliandika vyenyewe, kwani mikono ya Usi ilipoanza kutetemeka yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia kila asubuhi.

Mistari ilipita mingi. Aliizima mashine na kuiwasha tena kama alivyoambiwa, na nyuma yake taa ndogo ya buluu ikaanza kumetameta. Alipoambiwa hivyo, Nadir akaaga na kushuka ngazi.

Haukupita muda Tahiya akatokea kwenye kioo, macho yamevimba, amempakata mtoto mwenye upara mpya. Alisema wamempa jina la babu yake.

"Mwite, mama."

Tangu maziko Bi Salhiya hakuwa amelitamka jina lile kwa kuita.

"Usi," aliita.

Mtoto akafumbua macho. Bi Salhiya akanyamaza, ameinamisha kichwa upande mmoja, na kimya kikawa kirefu.

"Mama? Mtandao umekatika?"

"Haujakatika, mwanangu," alisema. "Nnasubiri tu aitike."