Habu ya Mjomba

Leo nimekiri wizi, nikaishia kupewa kazi.

Iko hivi. Miaka ile vitu vimeanza kurudi madukani, mjomba wangu wa Butiama, katekista, alinipa pesa nimuundie baiskeli ya safari ndefu hapa Musoma. Nichague kila kifaa mwenyewe, fundi afunge.

Nikachagua vizuri kweli. Fremu nzito, keria ya chuma, na habu mpya, kile kitovu cha tairi la nyuma, inang'aa kama sahani za wageni.

Ile habu nikaipenda.

Nikamwambia fundi aifunge kwenye baiskeli yangu. Kwenye ya mjomba akaweka habu yangu kuukuu, ya tangu enzi za baba, akaisugua mpaka ikafanana na mpya.

(Msinitukane bado.)

Habu yangu ya wizi ilipasuka wiki hiyo hiyo, njiani naenda Bunda. Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani.

Leo mjomba kaja kwangu Kitaji. Na baiskeli ile ile! Anataka nimchagulie mjukuu wake ya kusafiria, ya gia.

"Wewe ndiye unajuaga. Hii habu uliyonichagulia naitiaga grisi tu, Bunda naenda narudi."

Nikaweka kikombe cha chai mezani. Nikamwambia yote, macho chini.

Mjomba kalizungusha tairi la nyuma la baiskeli yake, kalisikiliza mpaka likasimama.

"Kwa hiyo ulinipa kitu kizuri siku uliyoniibia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi na ya mjukuu, iibie hivyo hivyo."

Jamani, hapo nimesamehewa au?