Nilimuuliza baba yangu kama atakunywa kahawa

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenitokea mwenyewe huku Oman, chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni binti wa mji wa Ibra. Wazee wetu walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani Kiswahili ndiyo lugha ya kugombezwa na ya kubembelezwa.

Nasoma hotel management chuo cha ufundi. Field, yale mazoezi ya kazi, wakanipeleka hoteli moja juu ya mlima wa Jabal Akhdhar.

Jamani, huko juu. Asubuhi ukungu unaingia mpaka lobby bila hodi. Msimu wa mawaridi unalala na harufu, unaamka nayo. Wiki za mwanzo nilitembea na trei mkononi kama niko usingizini, naogopa mtu asije akaniamsha.

Aliyetaka kuniamsha ni baba.

Kozi hakuipenda tangu mwanzo. Kwake yeye, kuhudumia watu baki kwa mshahara si kazi ya binti yake. Akasema atakuja kuona mwenyewe. Asiporidhika, narudi naye Ibra siku hiyo hiyo, na chuo basi.

Akaja baada ya adhuhuri, kanzu imenyooka, kilemba kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamkalisha dirishani anapoyaona mashamba ya ngazi.

Sasa, darasani tumefundishwa: mgeni usimkisie, muulize. Nikatabasamu kama tulivyoelekezwa.

"Baba, utapenda kahawa?"

"La, mwanangu, shukran. Nishakunywa njiani."

"Sawa, baba."

Nikarudi mapokezi roho kwatu, nikijiona nimefaulu.

Najua waliolelewa na wazee wa Kizanzibari wameshaguna. Kwetu mgeni haulizwi. Ukimuuliza atakataa, hiyo ni adabu yake. Na adabu yako wewe ni kumletea. Baba wa watu kakaa pale mikono mitupu, ananitazama, mimi nazidi kutabasamu tu.

Mwisho akainuka.

"Kachukue nguo zako," akasema taratibu. "Wamekufundisha kuuza. Kukaribisha wamekusahaulisha."

Nilianza kufunga begi huku nalia, wakuu. Katikati ya kukunja nguo nikamkumbuka yeye mwenyewe nyumbani: mgeni bado anavua viatu, trei ishafika. Nikahisi aibu mpaka masikio yakapata moto.

Begi nikaliacha. Nikapita jikoni, nikachukua dele la kahawa, kikombe na sahani ya tende.

Alikuwa keshaketi garini, mlango wazi, mawingu yameshuka mpaka kwenye matairi. Safari hii sikuuliza. Nikamsogezea tende, akachukua moja. Nikamimina kidogo, nikampa kwa mkono wa kulia. Akanywa. Nikamimina tena, na tena, mpaka alipokitikisa kikombe kuonesha imetosha.

Nilimpenda baba yangu wakati ule kuliko siku zote.

Akanirudishia kikombe.

"Na hao wageni wenu Wazungu, nao unawauliza?"

"Nawauliza, baba."

"Usiwaulize."

Akafunga mlango, akateremka mlima peke yake.

Basi nimebaki, na mtihani umekaribia. Supervisor alinigombeza kidogo kwa kupeleka kahawa isiyoagizwa, halafu akaona vikombe vinarudi vitupu, akaniacha niendelee.

Wenzangu mnaosomea hoteli, ya darasani yashikeni, lakini ya nyumbani msiyaache getini.

Nyie kwenu mgeni anaulizwa? Semeni, nawasoma nikiwa kwenye zamu.