Kamera Isiyo na Mlio

Kabla hamjaanza kunicheka, niseme hivi: mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu hadi nilipostaafu, na kwa mganga sijawahi kukanyaga. Hirizi sijui hata inavyofungwa. Wapo niliowasimulia haya wakanijibu, "Mwalimu, siku hiyo ulipigwa na jua." Sawa, jua lilikuwepo, Dodoma lini limekosekana? Lakini jua halimnyang'anyi mtu kitu alichozaliwa nacho. Baba yangu alinyang'anywa, na mkono uliobonyeza ulikuwa huu hapa.

Tena msitegemee usiku wala makaburi. Ilikuwa mchana, sokoni, watu wamejaa tele.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu kwa wasafiri. Mshahara wa mwalimu ulikuwa ukifika katikati ya mwezi uko hoi, kwa hiyo pale shuleni kila mtu alikuwa na mradi wake. Mmoja anauza barafu, mwingine maandazi, mwalimu mkuu mwenyewe anafuga kuku. Mimi nilikuwa napiga picha mitaani. Kamera nilikuwa naazima kwa shemeji yangu, likamera likubwa la kuning'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe.

Shida yake ni hii. Ukilitoa tu, mtaa mzima unaacha kazi. Wa kuoga anakwenda kuoga, wa kuazima suti anakwenda kuazima, redio kaseti inatolewa ndani inawekwa juu ya stuli, kisha wanasimama mikono ubavuni, wamenuna utafikiri wanasomewa mashtaka. Ndivyo watu wetu walivyokuwa wakipigwa picha, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilimtaka mama wa karanga akiwa anabishana na mteja wake. Nilimtaka fundi baiskeli na spana mdomoni, na watoto wakilamba vidole baada ya zabibu.

Na zaidi ya wote nilimtaka baba.

Baba alikuwa mkulima kule Mlali, na alikuwa na kicheko, jamani, mimi sijakisikia kwa mtu mwingine. Kilianza puani. Kikashuka mabegani, mabega yakatikisika, halafu kikatoka chote kwa mkupuo, na aliyekuwa karibu naye akacheka hata kama hakusikia kilichosemwa. Watu walikuwa wakipita njia ya kwetu makusudi ili wamchekeshe. Lakini mwelekezee kamera! Alikuwa na pengo la meno ya mbele chini, alitolewa utotoni kama walivyofanyiwa wengi wa rika lake kwetu Ugogo, na mbele ya kamera aliliona aibu. Alifunga mdomo kabisa. Picha zote tulizokuwa nazo, baba amefunga mdomo. Nikawa nawaza, siku akiondoka, nitawaonyesha nini wanangu?

Ndiyo maana nilikwenda sokoni kutafuta kamera ndogo, ya kukaa kwenye mkoba, ya kumpiga mtu hajajua.

Salumu, kijana wa pale mjini aliyekuwa akiuza redio na saa zilizotumika, alikuwa na tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na flashi na lenzi ya kutoka na kurudi yenyewe, inanguruma kama mashine ya kukoboa. Nikajiuliza, kwa vumbi letu hili, hiyo lenzi inayotoka nje itadumu? Mchanga mmoja tu ukiingia imekwisha. Na betri zake hadi Dar es Salaam. Ya pili ilikuwa ya plastiki ya njano, nyepesi kama boksi la sabuni. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya chuma, inaenea kiganjani, mfuniko wake unateleza kama kiberiti. Haina flashi, lakini inakula filamu ya kawaida ambayo kila duka inapatikana.

Salumu alikuwa upande wa pili wa meza akibishana na mteja wa redio. Akaniambia, "Mwalimu, jaribu mwenyewe, hazina filamu ndani, bonyeza tu." Nikabonyeza ile ya njano, ikalia kaa!

"Ipige tena, mwanangu, nisikie."

Nikageuka. Mzee kipofu, koti la kijivu, fimbo ya mti mkononi, amesimama karibu yangu kabisa. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa Kigogo cha kwetu, "Mbukwa," nami nikaitikia.

"Kamera ichague kwa sikio," akasema. "Macho yatakupeleka kwenye rangi."

Hee! Nikacheka. Kipofu ananichagulia kamera! Lakini alikuwa mzee wa heshima, nami nilikuwa na nafasi, nikasema haya, baba, nisaidie. Ile ya njano akaisikiliza, akasema itanivunjikia mkononi lakini haina ubaya. Ile ya kunguruma akatabasamu. "Chukua hii."

"Baba, hii itaamsha mtaa!"

"Ndiyo raha yake."

Nikaishika ile nyeusi, nikabonyeza. Mimi mwenyewe niliyeishika sikusikia kitu.

"Umeshabonyeza?" akauliza.

"Nimeshabonyeza, baba."

"Bonyeza tena."

Nikaisogeza hadi sikioni kwangu, nikabonyeza. Kimya.

"Iache hiyo," akasema. "Mimi nilikuwa naona, mwanangu. Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha pale stesheni. Siku moja treni imesimama, nimeinua uso kumtazama msichana mmoja dirishani, nimemkodolea macho hata mteja simjibu. Mtu wa dirisha la pili akanipiga picha na kidude kidogo hivi. Sikusikia mlio. Mwenzangu ndiye aliyekuja kuniambia, treni imeshaondoka. Kesho yake nikaamka hivi unavyoniona."

Akaendelea, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Mtu akisikia mlio, anajua amechukuliwa, anajirudisha. Asiposikia atajirudishaje, naye hajui kama ametoka? Macho yangu yako huko yanamtazama yule msichana mpaka leo. Mimi nazunguka na masoko, zikija kamera za watu nazisikiliza. Labda nitaipata ile."

Mnadhani niliogopa? Thubutu. Mawazo yangu yalikwenda kwingine kabisa: huyu amepangwa na Salumu, wananisukumia ile ya kunguruma, ya bei kubwa. Nikainua ile nyeusi nipime kidirisha chake cha kuchungulia, nikamwelekezea mzee palepale.

Niliona makoti ya mitumba yaliyotundikwa nyuma yake. Mzee sikumwona.

Nikashusha kamera. Mzee yupo. Nikainua. Makoti. Niaminini, nilifanya hivyo mara kadhaa. Na mwalimu hakosi maelezo: hizi kamera ndogo kidirisha chake kiko pembeni ya lenzi, ukimlenga mtu wa karibu unaweza kumkosa kichwa. Nikajiambia nimelenga vibaya. Mtu mzima, bega kwa bega, nimelenga vibaya!

Nikainama kuchukua mkoba. Nilipoinuka hayupo.

"Salumu," nikasema, "yule mzee kipofu ni wa wapi?"

"Mzee gani, mwalimu?" Akanitazama, akaanza kucheka. "Mimi nakuona muda wote unaweka kamera sikioni, unaongea na kucheka peke yako. Nikasema leo mwalimu kafurahi, nimwache."

Nikamuuliza mama aliyekuwa akiuza yale makoti. Naye hakumwona mtu. "Hapo ulikuwa wewe tu, dada," akasema, akaendelea kukung'uta koti lake.

Na bado niliinunua ile nyeusi. Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi kabla yenu, miaka na miaka. Ilienea kiganjani. Haikusikika. Nilikuwa nimemfikiria baba na pengo lake, basi, kila kitu kingine kikakaa kando.

Nikaenda Mlali wakati wa kung'oa karanga. Tulikaa uani tunabangua, baba kwenye kigoda, shangazi Damari, dada yake, pembeni. Shangazi alikuwa hana breki za mdomo. Akaanzisha ile habari ya siku ya harusi ya baba, alivyopanda punda wa kuazima ili aingie kwa madaha, punda akakataa, akamtua kwenye tope mbele ya wakwe. Habari hiyo tulishaisikia wote. Baba akaanza puani. Mabega yakafuata. Kichwa kikaenda nyuma, pengo likaonekana lote, machozi yakamtoka, karanga zikamwagika kutoka mapajani.

Kamera ilikuwa ndani ya khanga. Nikaitoa nusu, nikabonyeza. Hakuna aliyegeuka.

Kicheko kikakatika hapohapo, kama redio iliyoishiwa betri.

Baba akatazama chini. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akaangalia chini ya kigoda.

"Umepoteza nini?" shangazi akamuuliza.

"Sijui," baba akasema. "Nilikuwa nacho sasa hivi."

Tukadhani utani. Shangazi akacheka kwa niaba yake.

Picha ilitoka nzuri ajabu. Yule wa studio aliyenisafishia aliniomba nakala aitundike dukani kwake. Nami nikajiona fundi, nikatembea nayo mkobani nikimwonyesha kila mtu. Niliporudi Mlali, majirani wakanivuta pembeni: baba yenu anaumwa? Haumwi, anakula, analima, anasali. Lakini ukimpa neno la kuchekesha anakusikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, anasema, "Kweli, hiyo inachekesha." Anasema hivyo kwa adabu, kama mgeni. Shangazi alimsimulia punda, akamsimulia tena, akaishia kulia yeye.

Ndipo maneno ya sokoni yaliponirudia.

Nikamwonyesha baba ile picha. Nilitaka ajione, labda ajirudishe. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, baba."

"Hapana, mwanangu. Mimi sijawahi kuwa na raha kiasi hiki." Akanirudishia taratibu. "Mtunze. Anaonekana mtu mzuri."

Nilifanya yote. Niliazima kamera yenye kelele, nikamtangazia, baba nakupiga, nikambonyezea. Akatoka amefunga mdomo, mikono ubavuni. Mchungaji alikuja akaomba. Nikarudi sokoni kumtafuta yule mzee, nikaacha hata vipindi vya jioni, nikasimama penye makoti, kamera nyeusi mkononi, mpaka Salumu akaanza kunionea huruma. Nikaenda stesheni. Bibi mmoja aliyekuwa ameuza mayai pale tangu usichana wake akaniambia alimjua muuza mayai wa namna hiyo, aliyeamka siku moja haoni. Alikufa, akasema, nawe ulikuwa bado hujazaliwa.

Baba aliishi miaka mingi. Nashukuru kwa hilo, lakini ilikuwa shukrani yenye mwiba. Wanangu walikua wakimjua babu mpole, mkimya, anayewapa karanga na kuwasikiliza. Walimpenda. Sikuweza kuwaeleza wanachokosa, maana unamwelezaje mtu kicheko? Nilijaribu kukiigiza, wakanitazama tu.

Alipofariki, shangazi akasema picha ya msibani iwe ile, hakuna nyingine inayomfaa. Tukaiweka kwenye fremu, juu ya jeneza. Wazee wa Mlali walipoiona waliangua kilio, kwa sababu walikuwa wamemsahau huyo. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa akikaa kwenye mapaja ya babu yake mpaka wiki ile ya mwisho, akanivuta khanga.

"Mama," akaninong'oneza, "mbona mmeweka picha ya mtu mwingine?"

Nikamvuta karibu, nikamfunika na khanga.

Kamera ninayo, imefungwa kwenye kitambaa, siwezi kuitupa wala kumpa mtu. Picha iko sebuleni. Kuna siku nyumba ikiwa tupu naweka sikio kwenye kioo chake, mwanamke mzima na miwani yangu, nasikiliza.

Nyinyi wa siku hizi mna simu, na najua mmezizima sauti ili kubonyeza kusisikike. Mnawapiga wazee wenu wakiwa wamelala, wakiwa wanacheka, mnasema ndiyo picha nzuri. Nawaomba, washeni huo mlio. Mwambie mzee wako, baba nakupiga, na akifunga mdomo mwache afunge, ichukue hivyohivyo. Wangu anacheka ukutani mchana na usiku, na sijamsikia tena.